Maswali yenu: shaba inayojificha kwenye vipimo

Swali: Mwanangu ana miaka 9, ini limevimba mwezi wa nne sasa. Seruloplazimini yake ni 24, tukaambiwa si ugonjwa wa Wilson. Tumwamini daktari?

Jibu: Bado. Wilson ni ugonjwa wa kurithi ambapo ini hushindwa kutoa shaba mwilini, ikarundikana; seruloplazimini ni protini inayobeba shaba kwenye damu. Umenitumia picha iliyokatwa ikabaki namba moja, mchezo ambao wasomaji wangu hamchoki nao. Wagonjwa wengi husoma chini ya miligramu 20 kwa desilita, lakini protini hiyo hupanda mwili ukiwa na uvimbe, na ini la mwanao halijatulia. Kwa akina mama, ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hufanya vivyo hivyo. Ombeni mkojo wa saa 24 upimwe shaba, daktari wa macho, na kipimo cha jeni ya ATP7B, ile inayoharibika kwenye Wilson, kikipatikana. Pete ya kahawia ya shaba machoni isipoonekana, msishangilie: watoto wengi wenye shida ya ini hawana.

Swali: Shaba kwenye damu iko chini. Imezidi wapi sasa?

Jibu: Kwenye ini. Shaba ya damu karibu yote hubebwa na seruloplazimini. Mbebaji akipungua, namba inashuka. Nimelijibu hili mara ngapi?

Swali: Mdogo wangu wa kike, miaka 19, amegeuka njano ndani ya wiki. Damu 6, Coombs (kipimo cha kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu) hasi. Wanasema labda malaria au homa ya ini.

Jibu: Mpelekeni hospitali ya rufaa leo, mengine mtasoma njiani. Mwombeni daktari aitazame ALP, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu: kwa njano kali hivyo ungetegemea iwe juu, ila Wilson ikilipuka huwa chini ajabu. Kwenye vimeng'enya vingine vya ini, AST huizidi ALT zaidi ya mara mbili, na zote hazifiki maelfu kama kwenye homa kali ya virusi. Seli za ini zikifa kwa mkupuo humwaga shaba, nayo hupasua chembe nyekundu bila kingamwili yoyote. Ndiyo maana Coombs hasi. Hapo shaba ya damu huweza kuwa juu, kinyume na nilivyomjibu mwenzenu. Wengi wanaofikia hatua hii huokolewa na kupandikizwa ini tu. Na mitishamba ikome.

Swali: Mkojo wa saa 24 umesoma mikrogramu 35 za shaba. Siku ile nilikuwa kazini.

Jibu: Yaani mwingine uliishia choo cha kazini, na namba yako ni pungufu. Rudia Jumapili: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, andika saa, kisha kila tone liingie kwenye dumu hadi ule wa kwanza wa kesho yake. Dumu la maabara, si la mafuta ya kula; chombo chenye mabaki ya shaba hupandisha namba bure.

Swali: Nina Wilson. Maini ya ng'ombe?

Jibu: Hapana. Na korosho punguza.

Swali: Kaka yangu anaugua Wilson. Mimi mzima, seruloplazimini 16. Nianze dawa?

Jibu: Uwezekano wako wa kuugua ni 1 kwa 4, wa kubeba nakala moja tu ya jeni mbovu ni 2 kwa 4, na baadhi ya wabebaji husoma chini vilevile bila kuugua. Jeni ya kaka yako ikishasomwa, yako ni rahisi kuikagua. Penisilamini, dawa ya kuondoa shaba mwilini, ina kero zake, haianzwi kwa namba moja. Ukithibitika lakini, utameza dawa maisha yako yote, hata ukijisikia mzima kama leo.