Kibao cha "Mali Ikiuzwa Hairudishwi" na Feni Zilizofungwa Upya

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina duka la vitu vya umeme Ngamiani, Tanga: feni, pasi, brenda, redio. Nataka biashara yangu iwe na dini ndani yake. Asubuhi tunafungulia Suratul Waqia, Ayatul Kursiy nimeitundika juu ya kaunta, na adhana ikipigwa tunafunga. Lakini baraka siioni, pesa inaingia na kutoka. Naomba uradi, yaani dhikri ya kusoma kila siku. Pia, zaka ya duka hutolewa kwenye faida peke yake? Halafu kuna jambo dogo: mzigo ukija na kasoro, panga la feni limepinda au waya umechomoka, fundi wetu huweka sawa, tunafunga boksi upya na kuuza bei ileile. Kibao tumeweka, "mali ikiuzwa hairudishwi", kwa hiyo mteja anajua. Lina ubaya hili?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, hilo uliloliita dogo ndilo swali lenyewe. Tuanze nalo, uradi utasubiri.

Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula kinachouzwa. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akauliza: "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Yule bwana akasema: "Kimenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Allah." Akamwambia: "Mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi."

Iangalie vizuri hadithi hii. Mvua hakuileta yule bwana, wala hakulaumiwa kwa mvua. Lawama ilianzia pale nafaka kavu ilipowekwa juu na ile mbichi ikabaki chini. Na wewe ni hivyohivyo: panga kupindia njiani, ndani ya lori, si dhambi yako, na kulitengeneza si dhambi. Dhambi inaingia pamoja na gamu tepu, boksi linapofungwa ili lionekane halijawahi kufunguliwa.

Utaniambia, sheikh, feni inazunguka vizuri tu. Huenda. Lakini wanachuoni wetu wa Kishafii wamesema aibu ya bidhaa ni kila kinachopunguza thamani yake, au kinachomkosesha mnunuzi lengo lake la haki, ilhali kwa kawaida bidhaa ya aina ile haina kasoro hiyo. Jipime hivi: mteja wako angekuwa amesimama nyuma ya duka, anamwona fundi akinyoosha lile panga kwa koleo, angelipa bei ileile? Kama unajua angeomba apunguziwe, basi hiyo tofauti ya bei umeila bila ridhaa yake.

Sasa kibao. Hapa wafanyabiashara wengi wanachanganya mambo mawili. Mteja akinunua pasi nzima, akafika nyumbani mkewe akasema hataki ya rangi ile, huna wajibu wa kuipokea. Mauzo yamekwisha mlipoachana, na kibao chako ni sawa. Ukimkubalia ni hisani, inaitwa iqala, na imepokewa kwamba atakayemwondolea Muislamu uzito wa mauzo aliyoyajutia, Allah atamwondolea kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Ama bidhaa yenye aibu iliyokuwamo kabla hujamkabidhi, hiyo ni haki yake, na ubao wa rangi haufuti haki ya mtu. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii, ameeleza katika kitabu chake Minhaj kwamba muuzaji akijitoa kwenye dhima ya aibu zote, sharti hilo humfaa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, si zaidi ya hapo. Feni si mbuzi, na wewe unaijua. Kwa upande wake mteja, akiigundua aibu anatakiwa arudi mara moja. Si aitumie msimu mzima wa joto, kisha aje nayo.

Zile ulizokwisha kuuza, angalia vitabu vya risiti. Wateja unaowafahamu wapigie simu uwaeleze: wakitaka warudishe wachukue pesa zao, wakitaka wabaki nazo. Usiowafahamu, kadiria tofauti ya bei uitoe sadaka kwa niaba yao. Inasimuliwa kwamba Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, alimpelekea mshirika wake mzigo akamwambia nguo fulani ina kasoro, amwonyeshe mnunuzi. Mshirika akaiuza, akasahau kumweleza, na mnunuzi hakujulikana tena. Abu Hanifa akatoa sadaka thamani ya mzigo wote. Hicho ni kiwango cha wachamungu, wewe hulazimiki zaidi ya ile tofauti.

Kuanzia sasa fundi aandike juu ya boksi kwa kalamu nene, "imetengenezwa", na bei iwe yake. Zitanunuliwa. Tena waambie vijana wa duka waache "wallahi hii mpya kabisa", maana Mtume (s.a.w.) amesema kiapo huifanya bidhaa itoke na hufuta baraka. Na unaiuliza baraka! Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, sahaba Hakim bin Hizam amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka ya mauzo yao hufutwa. Huo ndio uradi wa dukani. Kufunga wakati wa swala mmefanya vyema. Kusoma Waqia ni kheri, ila hadithi ya kwamba inakinga ufukara wanachuoni wa hadithi wameidhoofisha, basi isomeni kwa ajili ya Allah, na msiigeuze tangazo la duka.

Zaka haitolewi kwenye faida peke yake. Mwaka wa Hijria ukitimia, hesabu bidhaa zote zilizopo kwa bei ya soko ya siku hiyo, ongeza pesa taslimu za biashara, na zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu toa asilimia 2.5. Rafu, kaunta na vifaa vya fundi havihesabiwi. Na zile feni za panga lililonyooshwa zihesabu kwa bei ya feni zilizotengenezwa. Ukijikuta siku ya zaka unazishusha bei wakati siku ya kuuza uliziita mpya, umekwisha kujijibu swali lako.

Wallahu a'lam.