Redio ya CB kazini: maneno yanayoruhusiwa na vifaa vinavyokuponza

Msomaji mwenye malori machache huko Marekani ameuliza kama anaweza kuwafungia madereva wake redio za CB, yaani redio za mawasiliano ya masafa mafupi zinazotumiwa na raia wa kawaida, bila kuomba leseni ya redio ya kibiashara. Anaweza. Tangu 1983 mtumiaji wa CB hahitaji leseni yake binafsi, na kanuni za FCC, tume inayosimamia mawasiliano nchini humo, zinaruhusu mazungumzo ya kibinafsi na ya kibiashara. Wenye kampuni huishia hapo kusoma, na ndiyo maana faini zinawakuta.

Unaruhusiwa kuendesha kazi kwa CB, lakini huruhusiwi kuuza kwa CB. Kumwambia dereva "pakia geti la tatu, kisha pitia bohari ya kaskazini" ni halali kabisa. Kufungua chaneli 19, wanakosikiliza madereva wengi, ukatangaza bei ya matairi au punguzo la dizeli ni kosa, hata ukisema mara moja na kwa adabu. Dereva akiuliza njia ya kufika kwako, mwelekeze barabara na njia ya kutokea, uishie hapo. Ukiongeza ofa, tayari umetangaza.

Kuna katazo jingine ambalo kampuni hulivunja bila kujua: lugha ya mafumbo. Meneja anaogopa wezi wa mizigo, anabuni maneno ya siri ili shehena isijulikane. Ujumbe wenye maana iliyofichwa haukubaliki. Zile namba za kumi, vifupisho vinavyojulikana na wote kama 10-4 ("nimeelewa"), ndizo zinazoruhusiwa. Kama kuna jambo ambalo hutaki mtu mwingine alisikie, usilipitishe kwenye CB. Thamani ya mzigo na mahali lori litakapolala viende kwa simu.

Pia hakuna chaneli ya kampuni. Zote 40, kuanzia 26.965 hadi 27.405 MHz, ni za kila mtu, na chaneli 9 imetengwa kwa dharura na msaada kwa wasafiri. Mazungumzo yasizidi dakika tano mfululizo, kisha nyamaza angalau dakika moja wengine wapate nafasi. Mwelekezaji wa malori wa kampuni anayeshika chaneli asubuhi nzima na kuwafukuza wengine anavunja kanuni, na ndiye anayesababisha malalamiko yaandikwe.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Kikomo cha nguvu hutegemea namna redio inavyorusha sauti: wati 4 kwa AM na FM, na wati 12 za kilele kwa SSB. Amplifaya ya nje, kifaa cha kuongeza nguvu ya redio, ni marufuku. Usiiache hata chini ya kiti kwa madai kwamba haijaunganishwa. Redio yenyewe iwe imethibitishwa kwa huduma ya CB chini ya Sehemu ya 95 ya kanuni: soma lebo ya nyuma, kisha tafuta namba yake ya FCC kwenye hifadhidata ya tume kabla ya kulipa. Jihadhari na redio zinazouzwa kama za wapenda redio wenye leseni wanaotumia bendi ya mita 10, iliyo karibu na ya CB, ambazo fundi hukata waya mmoja zikaingia masafa ya CB. FCC huzihesabu kuwa redio za CB zisizothibitishwa, na wauzaji wamepigwa faini kwa ajili yake.

Fundi akisema ataifungua redio mpya "aiamshe", kataa. Kazi hiyo kwa kawaida ni kuondoa sehemu ya ndani inayozuia sauti isizidishe mawimbi. Mawimbi yanapita kiwango, sauti inachanika, na uchafu unamwagikia chaneli za jirani zilizo umbali wa 10 kHz tu. Unasikika vibaya zaidi, na redio imepoteza uthibitisho wake.

Umbali unapatikana kwenye antena. Pima SWR, kipimo kinachoonyesha kama antena inalingana na redio au inarudisha nguvu, kwenye chaneli 1, 20 na 40, mlango umefungwa na lori likiwa mbali na ukuta wa chuma. Ikiwa juu zaidi kwenye 1 kuliko 40, antena ni fupi, irefushe. Kinyume chake, ifupishe kidogo kidogo. Tafuta 1.5 au chini. Ikibaki juu ya 3 kotekote, chunguza kwanza kishikilio cha antena kama kimegusa chuma tupu cha bodi inavyotakiwa, kisha viungo vya waya.

Malalamiko yakifika, FCC ina haki ya kukagua kituo chako, yaani redio yako na vifaa vyake. Ikikuandikia, jibu ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, eleza kilichotokea na ulichorekebisha. Sheria ya mwaka 2000 iliziruhusu pia serikali za majimbo na za mitaa kutunga sheria zao dhidi ya vifaa haramu vya CB, ingawa haziwezi kuligusa lori la biashara bila sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna kosa.

Ukitaka mawasiliano ya ndani ya yadi tu, MURS, huduma nyingine ya redio za masafa mafupi, inatosha: chaneli tano, wati 2, haidai leseni, biashara inaruhusiwa. GMRS, huduma nyingine inayodai leseni, usiiguse; leseni zake mpya hupewa watu binafsi, si kampuni. Ukihitaji masafa yaliyoratibiwa kwa ajili ya kazi yako, omba leseni ya redio ya kibiashara chini ya Sehemu ya 90 ya kanuni za FCC, na uiombe kabla ya kununua redio.