Gemu inaanza vizuri, kisha inakwama

SWALI: Laptopu yangu ya gemu hukimbia vizuri dakika 15 za mwanzo, halafu picha zinakatakata na feni zinanguruma. Fundi ananishauri niongeze RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Nikubali? – Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Usinunue RAM bado, ndugu yetu. Kasi inayoshuka baada ya muda kwa kawaida ni joto: prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi isiungue. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko nzito; tena vumbi la kiangazi huziba matundu.

Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi ya betri kabla ya kugusa kingine. Shikilia feni isizunguke, ondoa utando wa vumbi kwa brashi laini. Grisi ya joto (iliyo kati ya prosesa na bamba la kuipoza) ikiwa imekauka, ifute kwa spiriti ya isopropili, paka mpya kiasi kidogo tu. Ukikuta kimiminika cha rangi ya fedha badala ya grisi, usikiguse kabisa! Ni metali inayopitisha umeme. Ikidondokea bodi, mashine inaweza kufa.

Kagua na chaja: kama mashine inataka ya wati 230, usiweke ya wati 90 mahali pake; umeme hautatosha na kasi itashuka.