Kutoka jukwaani hadi filamu ya kutisha

SWALI: Nimeandika tamthilia tatu za jukwaani. Sasa mtayarishaji mmoja anataka nimwandikie filamu ya kutisha. Nianzie wapi? – Msomaji, Buruburu, Nairobi

JIBU: Anza kwa kufuta maneno. Jukwaani mhusika husema "naogopa". Kwenye filamu, mlango uliofungwa jioni unakutwa wazi asubuhi, basi. Tumia fonti ya Courier, ukubwa wa 12, kwani hapo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja. Lenga kurasa 90.

Wengi hukwama kwenye hofu yenyewe: wanamleta jini ukurasa wa 10, na kufikia wa 40 mtazamaji keshamzoea. Mfiche. Tuonyeshe kwanza athari zake: kishindo darini, mbwa anayekataa kuvuka kizingiti. Kila tishio jipya lifunge njia moja ya kutorokea, la sivyo watu watauliza kwa nini hawa hawahami tu.

Kupiga picha nje usiku ni ghali (taa, jenereta, walinzi), hivyo nyumba moja na waigizaji watano wanatosha. Hapo ujuzi wa jukwaa utakufaa sana. Kabla ya kumkabidhi mtayarishaji mswada, uusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na mkataba utaje malipo ya kila marekebisho.