Nzi wa embe kabadilishwa jina. Je, ni mwingine?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina miembe na michungwa kidogo huku Muheza. Zamani bwana shamba alitufundisha kuwa nzi anayetuozeshea embe ni Bactrocera invadens. Msimu huu naambiwa ni Bactrocera dorsalis. Amekuja mwingine, au wamezaana wakatoa chotara? Na vile vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu, ndio watoto wao? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vile vidogo si watoto. Nzi akishaota mabawa hakui tena. Mtoto wake ni yule funza wa ndani ya embe, ambaye ukimweka mezani hujikunja kama upinde akaruka. Vidogo vya kwenye ndizi ni ukoo mwingine, Drosophila.

Huyu mkubwa alionekana Kenya mwaka 2003, na mwaka 2005 akapewa jina la invadens kwa kudhaniwa ni spishi, yaani aina ya kiumbe, ya peke yake. Baadaye wataalamu wakawaweka pamoja nzi wa Afrika na dorsalis wa Asia. Wakapandana bila kubaguana, na watoto wao nao wakazaa. Basi mwaka 2015 ikakubalika kuwa invadens na dorsalis ni kitu kimoja, na jina likabaki dorsalis. Juzi nilimtoa mmoja kwenye mtego wangu hapa Pongwe nikamweka kiganjani: mistari miwili ya njano mgongoni, tumboni alama nyeusi kama herufi T. Ni yuleyule aliyemaliza embe zangu miaka kumi iliyopita.

Swali lako la chotara ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu chotara wapo kweli, na mpaka wa spishi si ukuta. Katika kisiwa cha São Tomé kuna Drosophila wawili: yakuba, mwenye ncha nyeusi ya tumbo, anayekaa chini mashambani, na santomea, wa njano mwili mzima, anayekaa juu kwenye msitu wa ukungu. Wanakokutana mlimani hupandana. Watoto wa kiume hutoka tasa, kama baghala wa punda na farasi. Wa kike huzaa! Kupitia mabinti hao jeni, yaani vinasaba vya urithi, huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hata mitokondria, vile vijiungo vya kuzalisha nguvu ndani ya seli ambavyo mtoto huvirithi kwa mama, santomea amevipata kwa yakuba. Na bado ni spishi mbili, kila mmoja na makazi yake na rangi yake. Mimi hilo linanistaajabisha kila nikilifikiria: damu inavuja, na ukoo haupotei.

Kinyume cha kuunganisha majina nacho kipo. Nzi mwingine wa matunda tuliyemwita Ceratitis rosa aligawanywa mwaka 2016, sehemu yake ikaitwa Ceratitis quilicii. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Maulid Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Madume hutofautishwa kwa mguu wa kati, wenye vinyweleo vilivyopangana kama unyoya.

Kwako wewe, dawa ya mtego ni ileile ya methili yujenoli, yenye harufu ya kuwavuta nzi, ila inanasa madume tu. Majike bado yanataga. Kwa hiyo embe zilizodondoka usiziache chini ya mti hata siku mbili, maana funza hutoka na kujichimbia udongoni. Zikusanye asubuhi, zitie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge kabisa na uuanike juani.