Wewe wa Nachingwea, hiyo krimu usiipake Ijumaa usiku

Hapana mkuu, hapana. Harusi Jumamosi, halafu Ijumaa usiku unataka upake krimu ya kunyolea "huko chini kote" na uiache nusu saa "itoe mpaka mizizi"? Nani kakudanganya? Mizizi haiguswi hata ulale nayo. Ile inayeyusha unywele unaochungulia nje tu.

Mimi nilidanganywa na dada wa duka la vipodozi hapa Mtwara mjini. Nilimuuliza kabisa, ikichoma je? Akanijibu huku anahesabu chenji: "Ikichoma ndiyo inafanya kazi kaka, vumilia." Vumilia! Yeye ana korodani za kuvumilia nini?

Haya, nikavumilia. Ilianza ubaridi, ukaja muwasho, ukaja moto. Nilipofuta kwa kitambaa, nywele zikatoka, na ngozi ikatoka nazo, utando mweupe. Aliyewahi kubangua korosho bila kupaka majivu mikononi anajua mafuta ya lile ganda yanavyokula ngozi. Sasa hamishia ndani ya bukta. Jirani akanishauri dawa ya meno. Nikapaka, nikawa naungua huku nanukia mnanaa. Kazini nilitembea matege nikasema nimeanguka na bodaboda, wakataka kunichangia matibabu. Nyumbani ni msuli tu, feni inapuliza, na joto letu hili mnalijua.

Tabibu alicheka kwanza, ndipo akanieleza. Mle ndani mna thioglikoleti na alkali kali, zinavunja keratini, ile protini inayojenga unywele. Ngozi nayo ina keratini, na krimu haina macho ya kuchagua. Ngozi ya korodani ni nyembamba, inaliwa haraka. Kurudi nyumbani nikabandua kibandiko cha bei kwenye boksi: chini yake kumeandikwa isipakwe sehemu za siri. Yule dada alikuwa amebandika bei juu ya onyo!

Kwa hiyo shika hili moja: IKICHOMA, TOA. Usiangalie saa, usiseme bado dakika mbili. Futa, mimina maji baridi mengi, endelea kumimina. Limao hapana, spiriti hapana, dawa ya meno ndiyo kabisa. Ukiona malengelenge nenda zahanati, watu wa pale wameona makubwa kuliko yako. Usikimbilie kujipaka tyubu yoyote ya duka la dawa, nyingi zina steroidi, dawa inayoweza kuchelewesha kidonda kupona, na pale ngozi imechubuka.

Ukishindwa kabisa kujizuia, paka tone moja pajani leo, usubiri saa 24, na uishie kwenye kinena cha juu. Ila mkuu, mkasi upo. Punguza, oga, ukaoe.

Na kama umeshapaka, unasoma hapa huku kunachoma, weka simu chini ukaoshe.