Kwa mnaoanza wodi ya moyo: msiishie kwenye neno "baipasi"

Wadogo zangu, faili likiandikwa "baipasi", yaani upasuaji wa kupitisha damu kando ya mshipa wa moyo ulioziba, fungueni ripoti ya upasuaji muone kama na valvu, mlango wa damu ndani ya moyo, iliguswa. Makovu ya kifuani yanafanana, wagonjwa hawafanani.

Baipasi peke yake, kwenye vituo vilivyozoea kazi hiyo, hupoteza takriban mgonjwa 1 hadi 3 kati ya 100 ndani ya siku 30. Ikiambatana na kubadilisha valvu ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni), vifo huongezeka, pengine mara mbili; ikiwa ni ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), huzidi hapo. Moyo husimamishwa kwa muda mrefu zaidi, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ana umri mkubwa na figo zilizochoka. Ndiyo maana EuroSCORE II, kikokotoo cha hatari ya kifo kwenye upasuaji wa moyo, huuliza: ni baipasi tu, au kazi mbili, au tatu? Mkilinganisha vituo, ulizeni kwanza wanapokea wagonjwa gani. Kituo kinachochagua wepesi lazima kionekane hodari.

Wodini, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, mapigo huvurugika. Baada ya baipasi pekee huwapata robo hadi theluthi ya wagonjwa. Ikiunganishwa na valvu, wanaweza kufika nusu. Angalieni potasiamu na monita, msingoje mgonjwa aseme moyo unamwenda mbio.

Kazi kubwa zaidi iko nyumbani. Aliyerudi Kongwa, Dodoma, na baipasi tu kwa kawaida huendelea na aspirini. Aliyewekewa valvu ya mekanika, ile inayogonga kama saa ukikaa naye kwenye chumba kimya, atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na hapo ndipo mlenda unapoingia. Majani mabichi yana vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Kiangazi mboga za majani ni chache. Mvua zikikolea, kuanzia Januari, ni mlenda mchana na usiku, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inashuka. Mboga zikiadimika tena, inapanda, na fizi zinatoka damu.

Msimwambie bibi aache mlenda. Atawaitikia "haya, mwanangu", kisha atakula. Mwambieni ale kiasi kilekile kila wiki, mwaka mzima, na akaushe wa kutosha. Tarehe zake za kupima INR zisogezeni karibu mvua zinapoanza, na tena zinapokatika, mwezi wa Aprili.